Ukiona [U_], iogope hiyo U

Anayetunza seva ya Linux yenye diski pacha analijua faili dogo linaloitwa /proc/mdstat. Siku za amani linaonyesha [UU]: diski mbili zipo, zote zinafanya kazi. Siku ya msiba unakuta [U_]. Hapo macho ya wengi hukimbilia kwenye kile kistari. Ipi imekufa? Imekufa saa ngapi? Nitapata wapi nyingine leo hii? Mimi macho yangu hubaki kwenye U. Iliyokufa imeshakufa, haina baya jingine la kukufanyia. Iliyobaki ndiyo imebeba kila kitu peke yake, na mara nyingi hakuna aliyeipima tangu siku ilipofungwa.

Kuna ofisi moja ya uhasibu hapa Dar es Salaam ninayoitunzia mitambo. Seva yao ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza, ina diski mbili za terabaiti 2, RAID 1 ya Linux (ndiyo hiyo diski pacha, moja nakala ya nyingine), na juu yake mfumo wa mafaili wa ext4. Usiku mmoja mdadm, programu inayosimamia RAID ya Linux, ikanitumia barua pepe kwamba pacha mmoja ameanguka. Asubuhi nikawahi, nikamkuta bosi amesimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nasikia diski imekufa. Si ndiyo maana tuliweka mbili? Toa mbovu, weka mpya, watu wafanye kazi. Tarehe 20 ritani za VAT zinatakiwa."

Ukiitazama kwa juu, hoja yake haina kasoro. Mafaili yalikuwa yanafunguka, na wahasibu wenyewe hawakuwa wamegundua lolote. Lakini kuongeza diski mpya kwenye RAID 1 si kama kubadilisha balbu. Ukishaiongeza, mfumo unaanza kuisoma ile iliyobaki kutoka sekta ya kwanza hadi ya mwisho, saa kadhaa mfululizo. Pengine ndiyo kazi nzito kuliko zote ambazo diski hiyo imewahi kupewa, na unaipa siku ambayo haina mwenza.

Wazo la diski pacha ni la zamani. Kampuni ya Tandem ya Marekani ilikuwa ikiuza mashine za namna hiyo tangu miaka ya 1970, kwa benki na wengine ambao hawawezi kuvumilia mashine kuzimika. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoleta jina la RAID, na pacha wakampa namba 1. Kila kinachoandikwa huandikwa mara mbili. Mmoja akianguka, mwingine anaendelea. Hesabu yake inapendeza sana kwenye karatasi. Kama uwezekano wa diski moja kufa mwaka huu ni mdogo, basi uwezekano wa zote mbili kufa ndani ya wiki moja ni mdogo mno, hauna haja ya kukukosesha usingizi.

Ila hesabu hiyo inadai kwamba diski mbili hazijuani. Zinajuana. Zilinunuliwa siku moja, duka moja, mara nyingi namba zake zinafuatana. Zimekaa ndani ya boksi moja lenye joto lile lile na vumbi lile lile. Kila umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, zilishtuka pamoja. Na kwa kuwa ni pacha, zimeandika kiasi kile kile tangu siku ya kwanza. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na huyo huyo Garth Gibson, wakiwa Carnegie Mellon, walikusanya kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 kutoka kwenye mitambo mikubwa. Karatasi za watengenezaji ziliahidi kwamba kwa mwaka zisingeharibika zaidi ya asilimia 0.88. Uhalisia ulikuwa diski asilimia 2 hadi 4 kubadilishwa kila mwaka, na mahali pengine hadi 13. Tena waligundua kwamba vifo hivyo havikuwa vimetawanyika kwa bahati nasibu, vilielekea kufuatana.

Kwenye SSD, diski zisizo na sahani inayozunguka, kuna kisa kinachotisha zaidi. Mwishoni mwa 2019 HPE, kampuni ya Marekani inayouza seva, ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zina hitilafu kwenye programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, zinakufa, na data zake haziokoleki. Anayejua hesabu za kompyuta anaitambua namba hiyo mara moja, ni mbili kwa kipeo cha 15, kaunta imejaa. Ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Machi 2020 likaja tangazo la pili kuhusu kundi jingine, safari hii saa 40,000. Sasa fikiria seva iliyofungwa SSD mbili za kundi hilo na kuwashwa kwa kitufe kimoja. Pacha hao wana saa ileile ya kuzaliwa na saa ileile ya kufa, na RAID 1 haina msaada wowote hapo. Julai 2022 tovuti ya mijadala ya teknolojia ya Hacker News ilizimika baada ya diski za seva yake kuu kufa, na saa chache baadaye zile za seva ya akiba nazo zikafuata. Mjadala uliofuata haukuchukua muda kufika kwenye hizo saa 40,000.

Hata bila mkosi wa namna hiyo, kuna ubovu wa kimyakimya. Sekta inaweza kuharibika leo na usijue kwa miaka mitatu, kwa sababu hakuna aliyeomba kuisoma. Vitabu vya mteja aliyehama mwaka 2019 bado vipo kwenye diski, lakini nani anavifungua? Utafiti mmoja uliotumia diski milioni 1.53 za mitambo ya NetApp, kampuni ya mifumo ya kuhifadhi data, kwa kipindi cha miezi 32, ulikuta asilimia 3.45 zina sekta za aina hiyo. Ubovu huu hujitokeza siku diski nzima inaposomwa, na kwa ofisi ndogo siku hiyo ni ile ya kujenga upya pacha aliyeanguka. Kazi inafika asilimia 70, inagonga sekta isiyosomeka, na U yako ya mwisho inaanza kuyumba.

Ndiyo maana jambo la kwanza nililofanya pale ofisini lilikuwa kuwaomba wahasibu wafunge mafaili yao, kisha nikaielekea iliyobaki, ambayo Linux inaiita sda (iliyoanguka ni sdb), nikaisoma SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe:

smartctl -a /dev/sda

Kwenye orodha ndefu inayotoka, mistari ninayoanza nayo ni mitatu: namba 5, sekta zilizohamishwa; namba 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa; na namba 198, zilizoshindikana kusomeka. Safu ya mwisho ikiwa sifuri kwa zote tatu, unapumua kidogo. Kidogo tu, kwa sababu watafiti wa Google walioandika mwaka huohuo wa 2007 kuhusu diski zao zaidi ya 100,000 walikuta kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote kwenye vipimo vinne vilivyo muhimu zaidi. Lakini pia walikuta kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Kwa hiyo mimi huisoma SMART kwa upande mmoja: ikisema diski ni mbovu, naiamini, ikisema ni nzima, nashukuru na kuendelea kuwa na wasiwasi.

Pale ofisini mstari wa 197 haukuwa sifuri. Diski iliyokuwa "nzima" ilikuwa na sekta zilizogoma kusomeka. Tungefanya alivyotaka mzee, tungezigonga njiani.

Kabla ya kuihukumu diski iliyoanguka, nayo inastahili kusikilizwa. Si kila iliyotupwa nje na RAID imekufa. Mstari wa 199 kwenye SMART huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama. Ukiona unapanda huku 5, 197 na 198 ni sifuri, mshuku kebo kabla ya diski. Nimeona kebo ya SATA ya bei ya soda ikimtia mtu gharama ya diski nzima.

Kisha kuna suala la subira, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Diski za bei nafuu, zile za kompyuta za nyumbani, zikikutana na sekta ngumu hujaribu kuisoma tena na tena, wakati mwingine zaidi ya dakika moja, bila kujibu kitu. Kwa kompyuta yenye diski moja hiyo ni tabia njema, maana hakuna mahali pengine pa kuipata hiyo data. Lakini kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu, kisha huona diski haijibu, hujaribu kuiwasha upya kwa nguvu, na RAID huishia kuifukuza. Yaani sekta moja mbovu, ambayo pacha mwenzake angeweza kuijaza kwa kufumba na kufumbua, inageuka kuwa kifo cha diski nzima. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya RAID hukata tamaa mapema, kwa kawaida baada ya sekunde 7, zikasema "siwezi", na mfumo ukaenda kwa mwenzake. Baadhi ya diski zinakubali kuagizwa hivyo kwa smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda (hizo 70 ni sehemu za kumi za sekunde). Zisizokubali, dawa yake ni kumwongezea kerneli subira kwa kuandika 180 ndani ya /sys/block/sda/device/timeout. Yote mawili huwa yanasahaulika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo yaweke kwenye hati inayojiendesha wakati wa kuwaka.

Ukisoma logi za siku ile ilionekana wazi kwamba ndicho kilichoipata sdb. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inazunguka, inajibu, ila ina eneo bovu lililoifanya inyamaze hadi ikafukuzwa. Kwa hiyo nilikuwa na diski mbili, zote zina matobo, na matobo yale hayakuwa mahali pamoja. Hapa ndipo kazi ilipoanza kuninogea, ingawa mzee hakuwa na sababu ya kufurahi.

Lakini kwanza nakala. Kabla ya ujanja wowote niliichomeka diski ya nje ya USB nikaanza kunakili kwa rsync, kuanzia folda ambazo ofisi haiwezi kuishi bila hizo: vitabu vya mwaka huu, ritani, mishahara. Kisha za mwaka jana, na kurudi nyuma hivyo hivyo. Mpangilio huu una sababu. Diski inayochechemea inaweza kuwa na saa sita za uhai au dakika ishirini, na usitumie hizo dakika ishirini kuokoa picha za sherehe ya kuaga mwaka. Wapo mafundi wanaoanza moja kwa moja na nakala ya diski nzima, kwa hoja kwamba kichwa cha diski kinatembea kwa mpangilio na hakichoki. Ni hoja nzuri, na diski ingekuwa inapiga kelele ningewafuata. Yetu ilikuwa kimya, na mafaili muhimu yalikuwa gigabaiti chache.

Baada ya hapo seva ikazimwa. Nikawasha kwa flashi yenye SystemRescue (Linux ya uokoaji inayowaka bila kutegemea diski za ndani), nikahakikisha haijaunganisha RAID yenyewe kwa ukarimu wake (ikifanya hivyo, mdadm --stop), nikachomeka diski mpya ya kwanza, sdc.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa watu wengi wenye akili timamu: majina sda, sdb na sdc hayajaandikwa kwenye chuma. Ukiongeza diski, ukibadilisha tundu la kebo, ukiwasha kwa flashi, yanaweza kupishana. Kitu kisichobadilika ni ile namba ndefu iliyochapwa kwenye lebo ya diski. Tumia lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL, linganisha na lebo kwa macho, na ikiwezekana andika namba hizo kwa kalamu ya wino mzito kwenye upande unaoonekana bila kuichomoa. Kuchomoa iliyo nzima huku mashine inafanya kazi ni njia ya uhakika ya kuigeuza [U_] kuwa hakuna kitu.

Chombo cha kazi yenyewe ni GNU ddrescue ya Antonio Diaz Diaz. Inatofautiana na amri ya kawaida ya kunakili kwa kuwa haing'ang'anii sehemu ngumu. Inachukua kwanza yote yaliyo rahisi, inaruka penye ugumu, na inaandika ramani ya kila ilichopata na ilichokosa:

ddrescue -f -d -n /dev/sda /dev/sdc ramani.map

Ramani hiyo ihifadhi kwenye flashi nyingine, kwa sababu ndiyo kumbukumbu ya kazi. Umeme ukikatika katikati, ukirudia amri ile ile inaendelea ilipoishia. Diski ya terabaiti 2 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde inachukua karibu saa 3 na dakika 40 ikiwa nzima. Ikiwa mbovu, andaa chai nyingine. Mwisho wa mzunguko wa kwanza ramani ilionyesha kila kitu kimepatikana isipokuwa vipande vichache. Kwa kawaida hapo unaongeza -r3 ili irudie mara tatu pale iliposhindwa. Mimi sikutaka kuitesa sda kabla ya kumuuliza mwenzake:

ddrescue -f -d /dev/sdb /dev/sdc ramani.map

Tazama hapo. Chanzo kimebadilika, ramani ni ileile. ddrescue haianzi upya. Inaangalia ramani, inaona matobo yaliyoachwa na sda, na inakwenda kuyatafuta hayo tu ndani ya sdb. Pacha aliyefukuzwa anaitwa kutoa kile ambacho mwenzake amekipoteza. Kwa kuwa patisheni, yaani vigawanyo, za diski hizo mbili zinaanza na kuishia mahali pamoja, sekta ya huku ndiyo sekta ya kule. Matobo yalijazwa yote ndani ya muda mfupi.

Njia hii ina sharti, na ukilipuuza utaharibu zaidi ya ulichookoa. Diski iliyoanguka imesimama kwenye saa ilipoangukia. Chochote kilichoandikwa baada ya hapo kipo kwa mwenzake peke yake. Kama tobo la sda limeangukia kwenye faili lililobadilishwa baada ya sdb kufukuzwa, utakuwa umeshona kiraka cha juzi kwenye nguo ya leo. Kilichotusaidia ni kwamba barua pepe ilikuja usiku na seva ilizimwa asubuhi, ofisi ikiwa imeandika kidogo sana katikati. Tena sekta iliyoandikwa saa chache zilizopita si rahisi iwe ndiyo isiyosomeka, maana ukiandika juu ya sekta yenye shaka, diski yenyewe huipima na ikibidi huihamishia kwenye akiba yake. Lakini kama pacha wako alianguka miezi minne iliyopita na hakuna aliyejua, usithubutu. Hapo sdb ni makumbusho. Isome peke yake, kwa kusoma tu, utoe humo faili moja moja unalolihitaji.

Kulikuwa na uthibitisho mwingine wa kufanya. Nilizichomoa sda na sdb kabisa, kisha nikaiunganisha RAID kutoka kwenye sdc peke yake, kwa kusoma tu: mdadm --assemble --run --readonly. Kuzichomoa si kwa ajili ya unadhifu. Nakala ya ddrescue imebeba hadi kitambulisho cha RAID cha sda, na mfumo ukizikuta zote mbili mezani hauna namna ya kujua ipi ni nakala. Kisha fsck -n, ambayo inakagua bila kugusa, na kwa debugfs nikayafuatilia yale matobo hadi kwenye majina ya mafaili. Yalikuwa risiti zilizoskaniwa za miaka ya nyuma. Zilifunguka.

Kuna amri moja ambayo sikuigusa, na nakuomba nawe usiiguse: mdadm --create. Ukitafuta msaada mtandaoni usiku wa manane utakuta mtu anaipendekeza kwa ujasiri mkubwa, eti "itaitambua RAID ya zamani". Wakati mwingine inafanya kazi, na ndiyo maana ushauri huo haufi. Lakini amri hiyo inaandika vitambulisho vipya juu ya vya zamani, na ukikosea toleo la vitambulisho au mpangilio wa diski, mwanzo wa data unahama na mfumo wa mafaili unaonekana umetoweka. Kwa RAID iliyogoma kuungana kuna --assemble --force, na kabla yake kuna mdadm --examine, ambayo inasoma tu na kukuonyesha kila diski inajiona iko wapi na imehesabu matukio mangapi. Ile yenye hesabu kubwa ndiyo ya karibuni.

Baada ya sdc kuthibitika ndipo tukahitaji diski mpya ya pili, kwa kuwa sikukubali kuirudisha yoyote kati ya zile za zamani. Kariakoo utapata diski mpya, na utapata "mpya". Mapema 2025 shirika la habari za teknolojia la Heise la Ujerumani lilifichua kwamba diski nyingi za Seagate zilizokuwa zikiuzwa kama mpya Ulaya na kwingineko zilikuwa zimeshafanya kazi maelfu ya saa, na hesabu za SMART zilikuwa zimerudishwa sifuri. Zilizofichua ukweli ni kumbukumbu nyingine za ndani ziitwazo FARM, ambazo unaweza kuzisoma kwa smartctl -l farm ukiwa bado dukani, kama muuzaji ni mvumilivu. Kwa diski nyingine, angalia saa za kuwashwa na utazame mikwaruzo ya skrubu. Diski mpya haijawahi kufungwa popote.

Uliza pia kama ni SMR. Diski za aina hiyo hupanga njia za maandishi zikilaliana, kwa hiyo kuandika upya kunazipa shida, na kujenga upya pacha ni kuandika kusikoisha. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya vifaa vya kuhifadhi data kwenye mtandao wa ndani wa nyumbani au ofisini, zilikuwa SMR, baada ya watumiaji kuona zinafukuzwa zinapoongezwa kwenye ZFS, mfumo wa mafaili wenye RAID yake. Baadaye zile zisizo SMR zikawekwa kwenye jina la Red Plus. Ya pili niliinunua ya kampuni tofauti na ya kwanza, makusudi, ili pacha wasiwe na saa moja ya kufa. Hakikisha tu haipungukiwi hata sekta moja ukilinganisha na mwenzake. "Terabaiti 2" ya kampuni moja si lazima iwe sawasawa na ya nyingine.

Kunakili jedwali la patisheni kuna mtego wake. Kwa sgdisk -R, anayeandikwa ndiye anayetangulia: sgdisk -R /dev/mpya /dev/zamani. Ukigeuza, umeifuta jedwali diski yenye data. Sijawahi kuelewa kwa nini waliipanga hivyo. Mimi nasoma amri hiyo kwa sauti kabla ya kubonyeza, watu wacheke. Kisha sgdisk -G kwenye ile mpya, ili isibaki na vitambulisho vya mwenzake.

Kilichofuata kilikuwa chepesi: mdadm --add, na kuangalia asilimia zikipanda ndani ya /proc/mdstat. Safari hii chanzo kilikuwa diski mpya iliyokwisha kusomwa, hivyo nilikaa nikala wali kwa amani. UPS ilikuwepo. Umeme ukikatika wakati wa kujenga, vitambulisho vya toleo la 1 hukumbuka kazi ilipofikia, lakini ni bora usilazimike kuvijaribu.

Kabla ya kukabidhi, nilihakikisha kompyuta inaweza kuwaka kwa diski yoyote kati ya hizo mbili. RAID hailindi sehemu ya kuwashia. Kwa mashine za zamani, grub-install, amri inayoweka programu ya kuwashia, inatakiwa iendeshwe kwa kila diski. Kwa mpya zinazowaka kwa UEFI, ile patisheni ndogo ya FAT huwa iko nje ya RAID, na lazima uinakili mwenyewe. Bila hivyo unaweza kuwa na data zote salama na mashine isiyowaka, siku ambayo hauko mjini.

Mzee aliuliza kama sasa hawahitaji tena bakapu. Wanahitaji. Mhasibu akifuta folda, linafutika kwenye pacha wote kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, walipoteza data za saa zipatazo sita baada ya mhandisi kufuta folda ya hifadhidata kwenye seva ambayo hakuikusudia, na njia zao za kuhifadhi nakala moja baada ya nyingine zikakutwa hazifanyi kazi. Diski ya nje ya siku ile sasa inabadilishana na nyingine, moja ikilala ofisini na moja nje ya ofisi.

Na ule ukaguzi wa kimyakimya? Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, huwa inaisoma RAID nzima mara moja kwa mwezi, Jumapili ya kwanza, ikiwa mashine imewashwa. Seva ya ofisi hii ilikuwa inazimwa kila Ijumaa jioni "kuokoa umeme". Siku hizi inalala imewaka wikiendi hiyo moja. Upungufu mmoja unabaki: pacha wakitofautiana bila kutoa kosa, RAID ya Linux inaweza kuhesabu tofauti lakini haijui nani mkweli. ZFS, iliyotoka kwa Sun Microsystems mwaka 2005, huweka cheksamu, namba ya kuthibitishia, kwa kila kipande cha data, kwa hiyo inajua, na inamrekebisha mwongo. Seva yao ijayo itakuwa ya ZFS; nimeshamwambia mzee, ameniuliza bei.

Zilibaki zile diski mbili za zamani. Kijana wa ofisi akataka kuzipeleka kwa fundi wa simu, "si mbovu hizo?" Kwenye RAID 1 kila diski ni nakala kamili: mishahara, TIN, akaunti za benki za wateja wao wote, na anayejua amri moja ya mdadm anaweza kuifungua peke yake kwenye kompyuta ya mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na haitofautishi kati ya diski nzima na diski iliyofukuzwa kwenye RAID. Tulizitoboa kwa drili, matundu manne manne kupita kwenye sahani zake, mzee akiwa ameshika tochi na kuuliza kama mawili yasingetosha.